Furungu moja la nyanya: nilivae, nilitunze au niliyeyushe?

"Assalaam aleykum fundi. Nyanya yangu, mzaliwa wa Lamu, alifariki Mombasa mwaka jana. Mama amenikabidhi kisanduku chake. Ndani mna furungu la fedha, lile pambo la kifundo cha mguu, moja tu wala si jozi, jeusi tititi, na ukilitikisa kuna kitu kinagonga ndani. Mna pia kipini cha pua, na mkufu wenye sarafu kubwa ya mwaka 1780. Nafanya kazi Doha na nataka kuondoka navyo. Sonara mmoja niliyempelekea alisema si fedha kwa sababu havina 925, ni nikeli tu, kisha akataka kuvinunua kwa uzito. Binamu yangu asema niviyeyushe nifanyiwe bangili ya kisasa, au niviuze niongeze ninunue dhahabu. Asema vya maiti havivaliwi, na ule weusi ni maradhi ya nyanya yaliyoingia ndani ya fedha. Mimi kila nikilishika lile furungu nalia. Je, nina haki, au nimeng'ang'ania chuma tu? Na nikitaka kulisafisha, dawa ya meno yafaa?"

Waalaikumu salaam, mwanangu. Mungu amrehemu nyanya yako.

Barua yako ina maswali mengi, lakini nahisi moja ndilo linalokukosesha usingizi: kama machozi yako yana haki. Nitalifikia. Kwanza nikuondolee maneno uliyotiwa masikioni, maana uamuzi wa kitu kama hiki ukifanywa juu ya habari mbovu, haurudi nyuma. Furungu likishaingia kwenye kalibu ya moto, limekwenda.

Nianze na sonara wako. Mtu anayekuambia kitu ni nikeli, kisha akavuta mizani akinunue kwa gramu, amekwisha kukujibu mwenyewe. Ni kweli ipo madini nyeupe ya shaba, nikeli na zinki ambayo hung'aa kama fedha na haina fedha hata chembe, na imewadanganya wengi. Ila hiyo hakuna mtu anayeikimbilia kwa mizani. Sitaki kumwonea, huenda ni kijana aliyekulia kwenye mikufu ya kiwandani, na kwake fedha ni ile yenye tarakimu. Hizo 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha halisi katika kila sehemu 1,000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Ni alama ya viwanda na ya nchi zilizoweka sheria za mihuri. Fundi wa Lamu au wa Unguja wa zama za nyanya yako hakuwa na muhuri. Alikuwa na jina lake mtaani, na mteja aliyekaa kibarazani akiangalia kazi inavyofanywa.

Tena mteja alikuwa na sababu ya kuangalia, kwa sababu mara nyingi fedha ilikuwa yake. Pwani yetu haina mgodi wa fedha. Fedha ilikuja na majahazi ikiwa pesa, ikageuzwa pambo kwa moto. Iliyotamba kuliko zote katika karne ya 19 ni riale ya Maria Theresa wa Austria, sarafu pana yenye uzito wa gramu 28 na ushei, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Ilizunguka Arabuni, Uhabeshi na pwani yote hii. Ikafuata rupia ya Bara Hindi, yenye gramu 11.66 na fedha sehemu 917. Uzito huo ndio tola moja kamili, na hiyo tola mpaka leo utawasikia masonara wakiitaja. Wajerumani walipotoa rupia yao upande wa Tanganyika, walifuata kipimo kilekile. Basi mwanamke, au mume, au baba wa bibi harusi, alipeleka riale au rupia kadhaa kwa fundi, zikapimwa, zikayeyushwa, zikarudi zikiwa mafurungu. Neno sonara lenyewe limetoka Bara Hindi, ambako dhahabu huitwa sona.

Kwa hiyo furungu lililozaliwa na riale litapimwa likutwe na fedha 830 hivi. Halijafika 925, na wala si udanganyifu. Linaweza hata kushuka zaidi, maana shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na fedha sehemu 250 tu, na fundi aliyechanganya shilingi hizo kwenye kazi yake alipata chuma kilichopauka na chenye shaba nyingi. Hapo sonara wako angekuwa na hoja. Lakini hilo hujulikana kwa kupima. Kutazama tu hakutoshi.

Sasa sarafu. Naomba usimwambie mtu kwamba mkufu wako una miaka mia mbili na arubaini. Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Arabuni na wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake na tarehe ile, wakakataa nyingine, na kwa hiyo sarafu ikaendelea kupigwa na mwaka uleule, si Vienna tu bali baadaye hata London, Roma na Bombay, mpaka ndani ya karne ya 20. Yako yaweza kuwa ya wakati wa babu wa babu yako, yaweza pia kuwa imepigwa nyanya yako akiwa binti. Kinachosema umri wa mkufu ni namna kile kipete cha kuning'inizia kilivyolehemiwa, na namna pete za mnyororo zilivyolika zinaposuguana. Nimeona wauzaji wengi wakimwonyesha mgeni ule mwaka kwa kidole bila kusema neno la uongo, na mgeni akajidanganya mwenyewe.

Weusi nao si maradhi. Fedha haiugui na haibebi ugonjwa wa mtu. Hewani mna gesi yenye salfa kidogo, ileile inayotoa harufu ya yai bovu, na fedha huipenda mno. Ikikutana nayo hufanya utando mwembamba sana, wa manjano kwanza, kisha wa hudhurungi, kisha mweusi. Shaba iliyochanganywa ndani huharakisha mambo, na unyevu wa bahari husukuma. Mpira, sufu, vitunguu, mayai, moshi wa jikoni, vyote vina salfa. Weka fedha kwenye kisanduku pamoja na mpira wa kufungia nywele, uone mwaka hautaisha. Jasho la watu hutofautiana, na dawa na mafuta wanayopaka hutofautiana, ndiyo maana mkufu mmoja hung'aa kwa huyu ukafifia kwa yule. Hapo ndipo ilipoota imani kwamba fedha husoma maradhi au husda. Nyanya yako alipougua aliacha kuvaa, si ndiyo? Fedha isiyovaliwa haisuguliwi na ngozi, na isiposuguliwa huwa nyeusi. Binamu yako ameona kitu cha kweli akakipa sababu isiyokuwa.

Kuhusu dawa ya meno, tafadhali usiiguse. Ndani yake mna chenga za kusugulia ambazo kwa fedha ni tupa ndogondogo. Vivyo hivyo jivu, mchanga laini, na ndimu na chumvi, ambavyo mama zetu walivitumia, na ukiangalia mapambo yao kwa kioo cha kukuzia utaona nakshi zilivyolainika. Utasikia pia ushauri wa maji moto, bekingi soda na karatasi ya alumini. Kikemia unafanya kazi vizuri, kwani alumini huinyang'anya fedha ile salfa, na weusi huondoka mbele ya macho yako. Ila kwa furungu lako nakukataza, kwa sababu mbili. Moja, weusi uliomo ndani ya mifereji ya nakshi ndio unaofanya ua lionekane. Ukiutoa wote, furungu litakuwa jeupe kama kijiko cha hoteli. Ya pili ni kwamba furungu lako lina uwazi ndani, na maji yakiingia kwenye uwazi hayatoki. Yatakaa humo yakila shaba polepole, na hutajua mpaka rangi ya kijani ianze kuchungulia kwenye kiungo.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe, ili uone sisemi kwa kitabu. Nilipokuwa mwanafunzi kwenye meza ya ami yangu, aliletewa kekee, yaani bangili pana, la mjane mmoja, mama mtu mzima, lirekebishwe bawaba. Nilirekebisha bawaba, kisha kwa kutaka kumfurahisha nikaling'arisha kwa brashi ya mashine mpaka likawa kama limetoka dukani. Yule mama alipolipokea aliligeuza, akaligeuza tena, akaniuliza kwa upole: "Na langu liko wapi?" Ami yangu hakunipiga. Aliniambia tu nimlipe yule mama. Sikujua nimlipe nini, na mpaka leo sijui.

Na hapo tumefika kwenye machozi yako.

Watu husema "ni kumbukumbu" kana kwamba wamemaliza. Lakini picha ya nyanya pia ni kumbukumbu, na nina hakika huilii hivyo. Tofauti ni kwamba picha inamhusu, na furungu limemgusa. Chukua furungu, washa taa, tazama upande wa ndani. Utaona sehemu moja imelika na kuwa laini kama sabuni iliyotumika, na kwa kawaida ni ile inayokaa juu ya kifundo. Hiyo haikufanywa na fundi. Imefanywa na mguu wake, kila hatua ikiondoa chembe isiyoonekana, miaka na miaka. Kwenye ukingo kutakuwa na vibonyeo. Kila kimoja ni ngazi, ni kizingiti, ni mguu wa meza. Ukilishika, kidole chako kinapita palepale ngozi yake ilipopita. Mwili unajua hilo kabla akili haijapata maneno.

Watafiti wawili, Bruce Hood na Paul Bloom, waliwahi kuwapima watoto wadogo kwa mchezo wa mashine ya kunakili vitu. Mashine ilikuwa ya uongo, sanduku mbili tu na mtu aliyejificha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watoto wenye kijidoli au kiblanketi wanacholala nacho waliambiwa mashine imetoa kingine kinachofanana kila kitu. Baadhi walikataa kabisa kitu chao kiingizwe, na walioruhusu, wengi walitaka kile cha asili. Wale ni watoto wa miaka mitatu mpaka sita, hakuna aliyewafundisha thamani ya vitu vya kale. Kwa hiyo mwanangu, wewe si mjinga. Sote tunaamini, hata tukijifanya hatuamini, kwamba kitu kilichokaa na mtu kina sehemu ya mtu huyo isiyoweza kunakiliwa. Binamu yako naye anaamini hivyohivyo! Anaposema vya maiti havivaliwi, anasema jambo lilelile ulisemalo wewe, ila yeye anaogopa kilichobaki ndani na wewe unakitaka.

Kuna jambo jingine la vito vya wanawake ambalo picha haina. Kwa nyanya zetu, fedha ilikuwa benki. Huenda shamba liliandikwa jina la mume, na nyumba ikawa ya ukoo, lakini kilichokuwa mkononi, shingoni na mguuni kilikuwa chake, na alikiuza alipotaka, kwa siri au kwa dhahiri. Furungu moja kati ya mawili kwa kawaida si ajali. Mafurungu huvaliwa kwa jozi. Ukikuta moja, mara nyingi lile jingine lilikwenda mahali. Lilikwenda karo, au hospitali, au nauli ya mtu, au liligawiwa binti mwingine. Watu hunishangaza wanaponiambia "bahati mbaya limebaki moja", wakati hilo pengo ndilo hadithi yenyewe. Muulize mama yako. Kama ana dada mkubwa yu hai, muulize yeye kwanza.

Nisiipake sukari historia, lakini. Utajiri wa fedha na dhahabu uliojaa majumba ya pwani katika karne ya 19 ulitoka kwenye biashara ya pembe, kwenye karafuu na kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Unguja hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo wanawake waliokuwa wamekatazwa kujipamba kama waungwana walijinunulia shanga, vipini na kanga kwa jasho lao. Pambo la zamani laweza kuwa la upande wowote kati ya pande hizo mbili, na wakati mwingine la pande zote mbili katika nyumba moja. Ukiwauliza wazee, uwe tayari kusikia yasiyopendeza.

Haya, tuyeyushe au tusiyeyushe? Wengi wa fani yangu watakupigia kelele kwamba kuyeyusha ni dhambi. Mimi sitasema hivyo, kwa sababu si kweli kwa mila zetu wenyewe. Oman na kwingineko Arabuni, ambako sehemu kubwa ya mitindo yetu ya fedha imetoka, ilikuwa kawaida mwanamke akifa vito vyake viyeyushwe au viuzwe, kwani bibi harusi alitaka vyake vipya, vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu vito vya fedha vya huko vilivyovuka miaka mia moja si vingi kama watu wanavyodhani. Binamu yako, bila kujua, anasimama kwenye mila kongwe kuliko hii yetu ya kupenda vya kale. Na furungu la nyanya huenda lenyewe lina ndani yake furungu la nyanya yake.

Kilichobadilika ni fundi. Zamani ukiyeyusha furungu, mtaa ulikuwa na mtu wa kukufulia jingine kama hilo au zuri kuliko hilo. Dhahabu ilipoishinda fedha, na mikufu ya mashine ikajaa, mafundi wa kufua furungu lenye uwazi kwa nyundo, wakalifunga kwa nakshi, wamekuwa wa kuhesabu. Lamu bado wapo mafundi wa fedha, na kazi yao ya pete zenye vipande vya sahani za kale zilizookotwa ufukweni inapendwa na wageni, lakini hiyo ni kazi nyingine. Leo ukiyeyusha unabadilisha kitu kisichofanyika tena kwa kitu kinachopatikana kila duka.

Tufanye na hesabu, maana binamu yako atataka hesabu. Tuseme furungu lina gramu 160 na ni la riale. Fedha halisi ndani ni gramu 133 hivi. Mnunuzi atatoa lehemu, atatoa kilichomo ndani, ambacho hapo zamani kingeweza kuwa nta au utomvu wa kuimarisha, na atatoa faida yake. Uliza bei ya fedha ya siku hiyo uzidishe mwenyewe, kisha linganisha na gramu ngapi za dhahabu ya karati 21 utakazopata huko Doha. Wengi wakifanya hesabu hii hunyamaza. Thamani ya furungu kama kazi ya mikono kwa mtu anayekusanya vya kale ni kubwa kuliko ya fedha yake, japokuwa la pekee hushuka bei kulinganisha na jozi. Sikuambii utapata mali. Nakuambia kwamba njia ya mizani ndiyo inayokupa kidogo kuliko zote.

Kama una shida ya fedha ya kweli, uza, wala usione haya. Nyanya yako alilinunua kwa ajili ya siku kama hiyo. Ila liuze likiwa furungu. Na kama moyo unataka kitu cha kuvaa kazini kila siku, kuna njia ya katikati ambayo naipenda: acha furungu kama lilivyo, mpe fundi akutengenezee kitu kidogo kutoka kwenye kitu kisicho na sura, kama kipande cha mnyororo uliokatika, ikiwa kimo kisandukuni.

Kuvaa sasa. Vaa. Fedha inayovaliwa hukaa vizuri kuliko inayofungiwa, maana ngozi huing'arisha kwa namna ambayo hakuna mashine itakayoiga. Pulizia manukato na jifukize udi kwanza, vito ndiyo vya mwisho kuvaa na vya kwanza kuvua. Usiingie nayo baharini, wala kwenye mabwawa ya kuogelea ya huko uliko, kwani klorini huiharibu. Mkufu uvae baada ya fundi kukagua kipete cha sarafu. Gramu 28 zikining'inia kwenye lehemu iliyochoka zitaanguka siku usiyotaka. Furungu moja livae nyumbani, miguu mitupu, kwenye zulia. Kipini ndicho ninachokuzuia kwa sasa. Kinaingia ndani ya mwili, na marekebisho mengi ya zamani yalifanywa kwa lehemu ya risasi, ambayo huonekana kama uji wa kijivu uliodondoka kwenye kiungo. Ukiona kijivu hicho, usikitie puani na usimwachie mtoto atie mdomoni. Ngozi ikiwa ya kijani baada ya kuvaa, hiyo ni shaba na jasho, ioshe, haina madhara. Ikiwasha na kutoa vipele, vua umwone daktari wa ngozi.

Kusafisha: kitambaa laini cha pamba, kikavu, vidole vyako, na subira. Pitisha juu ya sehemu zilizoinuka tu, mifereji iache na giza lake. Ukimaliza mguso wa kwanza, simama siku mbili uangalie kabla ya kuendelea. Hifadhi kila kimoja peke yake kwenye kitambaa cha pamba kilichooshwa bila harufu, ndani ya mfuko wa kufungika, mbali na jikoni. Kile kitambaa cha nyanya alichovifungia, kama bado kinanukia udi wake, usikifue. Kitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Harufu huondoka kabla ya fedha.

Kuna mambo mawili yasiyomalizwa kwa barua. La kwanza ni mirathi, na usilipuuze kwa sababu ni furungu moja. Je, nyanya alikupa, au alimpa mama yako, akiwa hai na kwa mkono wake? Hiyo ni zawadi na imekwisha. Kama vilikuwa vyake mpaka anafariki, vimo katika urithi pamoja na kila alichoacha, na warithi wote wana fungu, hata kama wamenyamaza. Nenda kwa kadhi au kwa sheikh mnayemwamini, ukiwa na mama yako. Nimeona ndugu wakikosana miaka kumi kwa kikuku kisichofika gramu arubaini, na aliyekuwa nacho hakuwahi kukivaa kwa raha hata siku moja.

La pili ni upimaji na safari. Kabla ya kuondoka, peleka vyote vitatu kwa mtu wa kuvipima bila kuvikwaruza. Ipo mashine ya miale inayosoma madini ya juu ya kitu kwa sekunde chache, na masonara wakubwa wa dhahabu wa Mombasa wanayo au wanajua aliye nayo. Mwambie mapema kwamba furungu lina uwazi na kwamba hakuna moto wala tindikali. Moto kwenye uwazi uliofungwa hewa ndani, au uliojazwa utomvu, unaweza kulipasua usoni mwa fundi. Kisha fika Fort Jesus, au makumbusho ya Lamu kama unapita huko, uwaonyeshe. Sheria ya Kenya inahesabu kuwa vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na hivyo havitoki bila kibali. Vyako huenda havijafika huko, na hapo ndipo watakapokuambia. Waulize pia kama kipini kina kipande cha pembe ya ndovu au gamba la ng'amba, kwa sababu hivyo havipandi ndege hata viwe vya nyanya wa nani. Piga picha kila upande, pima uzito, andika, na usivitie kwenye begi la chini.

Karatasi hiyohiyo andika na majibu ya mama yako na dada yake kuhusu furungu la pili: lilikwenda wapi, mwaka gani, kwa ajili ya nani. Andika kwa maneno yao, hata wakipingana. Karatasi ikae na furungu, isikae kwenye simu.

Umetaja pia, karibu kwa kupita, kile kinachogonga ndani, na nahisi unadhani ni kipande kilichovunjika. Yaelekea hakuna kilichovunjika. Kwa desturi fundi aliweka humo vijiwe vidogo kabla ya kuziba kiungo cha mwisho, ili mwanamke akitembea asikike. Mafurungu mengi yenye uwazi yametengenezwa hivyo, Oman na huku. Ukimpelekea fundi yeyote akakuambia atalifungua "alitengeneze lisipige kelele", lichukue uondoke. Na ukifika nyumbani, mpe mama yako alivae, atembee chumba hadi chumba, nawe ukae ufunge macho.